Neno kwa Neno: Mkimbizi hadi lini?
Juzi redioni mtangazaji aliwaita watu wa Katumba, mkoani Katavi, "wakimbizi". Neno hilo limetokana na kukimbia: roho mkononi, mlango hata haukufungwa. Ndivyo walivyokuja wazee wao kutoka Burundi mwaka 1972. Lakini wengi walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wamelima, wameoa, wamezika hapa. Hao ni raia.

Mhamiaji ni mwingine: huhama kwa kupanga, akifuata kazi, malisho au mume. Mlowezi naye amelowea, yaani amefika akakaa moja kwa moja, ingawa Kenya neno hili limebeba uchungu wa mashamba yaliyotwaliwa na Wazungu, hivyo tulitumie kwa uangalifu. Mtoto aliyezaliwa Katumba amekimbia nini hata tumwite mkimbizi?