Sinia na Kibuyu: Karamu za Tabora ya Kale

Sisi watu wa pwani hudhani kwamba sinia la wali hukomea penye minazi. Sivyo. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wametimiza siku 134 tangu kuiacha pwani. Huko Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu, aliwapokea na kuwakirimu.

Pagazi hakualikwa barazani. Posho yake ilikuwa kitambaa au shanga, naye akajinunulia unga. Jioni akanywa pombe ya mtama katika iwanza, nyumba ya wanaume ya Kinyamwezi, akisimulia ya njiani.

Lakini wali wa tajiri aliutwanga nani? Waliohudumu jikoni mwa tembe zile walikuwa watumwa, waliopitishwa njia ile ile ya pembe za ndovu. Vitabu vimehifadhi jina la mwenyeji na la mgeni. La mpishi havina.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na zama za misafara zikafungwa. Neno posho tungali nalo. Basi, msomaji, tukiisifu miji yetu kwa ukarimu, tumwachie ubeti mmoja aliyeshika mchi.