Mstari wa 1894 na Karatasi za Gari kwenye Njia ya Nchelenge

Husimuliwa mara nyingi nchini Zambia kwamba ule ulimi wa ardhi ya Kongo unaotenganisha Copperbelt na Luapula ulichorwa kwa rula na Mfalme wa Italia. Si kweli, na hadithi hiyo imeishi mno. Shauri alilolikata Victor Emmanuel III mwaka 1905 lilihusu mpaka wa Barotse na Angola, mbali magharibi. Ulimi huu ulizaliwa Brussels tarehe 12 Mei 1894, katika mkataba wa Uingereza na Mfalme Leopold II, aliyeitawala Kongo.

Yaliyotangulia yanajulikana: Alfred Sharpe, mjumbe wa Waingereza, alipata mkataba na Mwata Kazembe wa Luapula mwaka 1890, Msiri, mtawala wa Katanga, akamkatalia, na Desemba 1891 Msiri akauawa na msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Leopold.

Ninachoomba kisomwe ni mkataba wenyewe. Mstari unakatiza Ziwa Mweru, halafu unapindishwa makusudi kuelekea kusini mwa ziwa ili kisiwa cha Kilwa kibaki kwa Waingereza. Unafuata mkondo wa mto Luapula hadi unapotoka Ziwa Bangweulu, kisha unashuka kusini moja kwa moja kwa longitudo ya mahali hapo mpaka kwenye mgawanyo wa maji ya Kongo na Zambezi. Wako wanaosema walioandika hawakuijua nchi. Kwa kipande hiki cha kusini nakubali, ramani zao zilikuwa haba. Lakini watu waliopinda mstari kwa ajili ya kisiwa kimoja walijua kuwa mstari hupindika. Hoja kwamba ulimi huu ni bahati mbaya tu haitoshi.

Anayelipia mstari huo leo ni mwenye gari anayetoka Mufulira, Copperbelt, kwenda kwao Nchelenge, Luapula. Anatoka Zambia pale Mokambo, anapita kama kilomita 70 za Kongo, anaingia tena Zambia pale Chembe. Katikati ya safari hiyo gari lake mwenyewe ni mali ya kigeni iliyoingizwa kwa muda. Anatakiwa awe na hati ya usajili, kibali cha forodha, Kadi ya Njano ya COMESA kwa bima, na, kama usajili una jina la mwingine, barua ya ruhusa ya huyo mwingine. Meza ni nne: kutoka, kuingia, kutoka, kuingia. Asiyetaka hayo azunguke kwa Serenje na Samfya, mamia ya kilomita zaidi.

Dawa ya kimataifa ipo. Mkataba wa New York wa 4 Juni 1954 uliruhusu magari binafsi kuingia kwa muda bila ushuru, kwa kitabu cha dhamana kiitwacho carnet. Kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja hukatwa gari linapoingia, cha pili linapotoka, na kishina hubaki kitabuni na mihuri yote miwili. Gari lisipotoka, chama cha magari kilichotoa kitabu hudaiwa ushuru. Ndiyo maana chama nacho humtaka mwenye gari aweke dhamana nono. Kitabu hicho kinamfaa mtalii anayevuka bara zima. Anayewahi msiba Kashikishi, kule Nchelenge, hakimfai.

Mwaka 2008 Daraja la Levy Mwanawasa lilifunguliwa Chembe, juu ya mto Luapula, na foleni ya pantoni ikaisha. Meza za forodha zilibaki.

Kongo ina haki ya kukagua kinachopita kwake. Sibishani na hilo. Ninachodai ni kibali kimoja cha mwaka kwa gari la abiria linalopita tu, kinachotambuliwa na meza zote nne, na kiandikwe na serikali mbili zilizourithi mstari huu.