Édouard Herriot, Meya wa Lyon: Ujenzi wa Mji na Mipaka ya Usawa

Insha hii inachunguza maisha ya Édouard Herriot, aliyekuwa meya wa Lyon, Ufaransa, kuanzia 1905 hadi 1940, kisha kuanzia 1945 hadi kifo chake mwaka 1957. Hoja yetu ni kwamba Herriot alidumu madarakani kwa sababu aliwajengea wananchi wa mji wake, ila usawa alioutetea haukuvuka bahari.

Herriot alizaliwa Troyes mwaka 1872. Alifika Lyon akiwa mwalimu wa fasihi, akajiunga na chama cha Radikali, na akawa meya akiwa na umri wa miaka 33. Alimpa kazi msanifu majengo Tony Garnier, mzaliwa wa mji huohuo. Matokeo yake ni machinjio mapya, uwanja wa michezo wa Gerland, nyumba za wafanyakazi na hospitali ya Grange-Blanche, iliyofunguliwa 1933. Hospitali hiyo iligawanywa katika majengo mengi yaliyotengana ili maradhi yasiambukizane. Leo inaitwa kwa jina la Herriot.

Akiwa bado meya, alikuwa waziri mkuu mara tatu. Serikali yake ya mwaka 1924 iliitambua Urusi ya Kisovieti, lakini ile ya 1926 ilidumu siku chache tu. Paris ilimwangusha mara kwa mara, Lyon haikumwacha. Ni utawala wa Vichy, si wapiga kura, uliomwondoa mwaka 1940. Baadaye alizuiliwa, na mwaka 1944 akapelekwa Ujerumani. Vita vilipokwisha, alirudi kwenye kiti chake.

Hata hivyo, mwaka 1946, katika Bunge la Katiba, Herriot alionya kwamba watu wa makoloni wakipewa haki sawa za uraia, Ufaransa itageuka koloni la makoloni yake. Léopold Sédar Senghor, mbunge kutoka Senegal, alimjibu kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Mtu aliyetoka kifungoni mwaka mmoja tu uliopita alikuwa akiwahesabu wenzake kwa wingi wao, si kwa utu wao.

Kwa kuhitimisha, kazi za Herriot mjini Lyon zinastahili sifa. Lakini sisi tunaoisoma historia hii kutoka Afrika hatuna budi kuuliza pia ni nani aliyeachwa nje ya mlango.