Kuunawa mpira: sheria inasemaje, na je, ni ya haki?

Karibu kila baada ya mechi kubwa, wasikilizaji wetu hutuuliza: "Mpira umemgonga beki mkononi, mbona refa kapeta?" Tumeona tulieleze jambo hili kwa maandishi.

Kwanza, si kila mpira unaogusa mkono ni kosa. Kwa mujibu wa sheria namba 12 ya soka, mkono unahesabiwa kuanzia usawa wa chini ya kwapa. Mpira ukigusa bega, mchezo unaendelea.

Mchezaji anahesabiwa kuunawa katika hali tatu:

1. Akiugusa kwa makusudi, mfano akipeleka mkono kwenye mpira.
2. Mkono ukikaa mahali pasipoendana na anavyocheza, akawa ameutanua mwili wake na kuziba njia.
3. Akifunga goli kwa mkono, au akifunga mara tu baada ya mpira kumgusa mkono. Hapa hata bahati mbaya haimsaidii. Lakini tangu 2021, mpira ukimgusa mkono kwa bahati mbaya kisha mwenzake akafunga, goli linakubaliwa.

Ugomvi mwingi uko kwenye hali ya pili. Beki anayeruka au kuteleza hawezi kufunga mikono mgongoni, kwa hiyo refa anapaswa kupima kama mkono ule ulikuwa pale kwa sababu ya mwendo wake. Marefa wawili wanaweza kutazama picha ileile wakaamua tofauti.

Na adhabu je? Tukumbuke Julai 2, 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia. Ghana na Uruguay walikuwa 1-1, dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza. Dominic Adiyiah akapiga kichwa, mpira unaingia, Luis Suárez akauzuia kwa mikono mstarini. Alipewa kadi nyekundu na Ghana wakapata penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Uruguay wakashinda kwa matuta 4-2, na Ghana wakakosa kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali.

Refa alifuata sheria yote, lakini goli la hakika liligeuzwa kuwa penalti, na penalti hukoswa. Katika raga, mwamuzi akiona timu ingefunga lau si rafu, huipa alama moja kwa moja. Soka haina kifungu hicho. Upande wa pili, beki aliyeguswa na mpira uliokuwa unatoka nje anaweza kuigharimu timu yake penalti ileile.

Marekebisho ya 2024 yamepunguza ukali kidogo: anayezuia goli kwa mkono bila kukusudia, ikatolewa penalti, hupewa kadi ya njano. Aliyekusudia bado ni nyekundu.

Kwa maoni yetu, hilo ni jema kwa beki. Ila timu iliyonyimwa goli kama Ghana, hadi leo sheria haijaifuta machozi.