Mchezo wa Mtoto Chini ya Milima ya Ruwenzori

Historia ya elimu katika Uganda ya magharibi huanzwa mara nyingi na kuwasili kwa wamisionari na kujengwa kwa shule. Mwanzo huo una upungufu mmoja, nao ni kumsahau mtoto ambaye hajafika shuleni. Mtoto wa Kikonzo aliyezaliwa Kasese au Bwera, kabla hajaiona chaki, alikuwa amekwisha kufundishwa na mama, bibi na ndugu zake. Na chombo cha mafunzo hayo kilikuwa ni mchezo.

Michezo yenyewe ni ya kawaida kabisa. Mama hufunika uso kwa kitambaa, kisha akaufunua, na mtoto akacheka; hapo amejifunza kwamba kitu kisichoonekana hakijatoweka. Kokoto hupangwa na kupokezwa, na hesabu ikaanza. Mpira husokotwa kwa majani makavu ya mgomba, na vyungu vidogo hufinyangwa kwa udongo. Hata majina ya nyumbani yana mafunzo. Kwa desturi ya Wakonzo, jina humweleza mtu nafasi yake ya kuzaliwa: binti wa kwanza huitwa Masika, wa pili Biira. Basi mtoto anayewaita dada zake uwanjani hutaja mpangilio wa nambari pasipo kujua.

Elimu ya siku hizi imethibitisha thamani ya mambo hayo. Ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kubwa mno katika miaka ya mwanzo, na mtoto afikapo umri wa miaka sita umekwisha kukaribia ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kinachoimarisha miunganisho yake si bei ya kitu cha kuchezea, bali ni majibizano: mtoto aguna, mama amwitikia, mtoto atupa kijiti, kaka amrudishia. Huko Jamaika, katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuata watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila juma kwa muda wa miaka miwili, na mama zao wakaonyeshwa namna ya kucheza nao kwa vitu vilivyotengenezwa papo hapo. Miaka 20 baadaye, waliochezewa hivyo walikuwa wakipata mapato yaliyozidi ya wenzao kwa asilimia 25.

Iwapo mchezo ni majibizano, basi lugha ndiyo roho yake. Hapa ndipo historia ya Kasese inapotupa fundisho zito. Katika zama za ukoloni nchi hii ilikuwa chini ya ufalme wa Toro, na Kitoro ndicho kilichotumiwa shuleni. Mtoto aliyecheza kwa Kikonzo tangu kuzaliwa alikuta darasani lugha nyingine, na yale aliyoyajua yakahesabiwa kuwa si kitu. Malalamiko juu ya lugha na shule yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya wajumbe wa Wakonzo na Waamba waondoke katika baraza la Toro mwaka 1962, ikafuata vita ya Rwenzururu iliyoendelea hadi 1982. Wilaya ilitengwa na Toro mwaka 1974. Wakati huohuo reli, iliyofika Kasese mwaka 1956, na migodi ya shaba ya Kilembe ilikuwa imewaleta wafanyakazi wa makabila mengi, na Bwera iliyo karibu na mpaka wa Kongo ikazidi kuwa mahali pa kukutana lugha.

Mtaala wa mwaka 2007 ulirudisha lugha za nyumbani katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za msingi. Mwezi wa Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo ni wa kufurahisha, lakini unatutwika dhima. Kiswahili kikiingia kwa kukaririsha na fimbo, kikamnyamazisha mtoto kama alivyonyamazishwa babu yake, tutakuwa tumerudia kosa lilelile kwa lugha tuipendayo.

Waalimu wengi hupenda kusema, "Samaki mkunje angali mbichi," kisha wakamkalisha mtoto wa miaka mitatu kwenye dawati anakili herufi. Methali hiyo ni ya kweli, ila mkunjo wa umri huo ni mchezo. Kwa hiyo na tumwachie mtoto Kikonzo chake cha nyumbani, nacho Kiswahili kimjie kwa vitendawili, kwa makofi, kwa kuhesabu kokoto na kwa kutaja rangi za maua ya njiani. Wazazi nao tuwaambie kwamba robo saa ya kucheza na mtoto baada ya kazi ya shamba si upotezaji wa wakati. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Nasi tuifanye shule iwe kwao.