Mafuriko na Masuke: Kinachouchanua Mpunga wa Malinyi

Tangu enzi za Wajerumani, walioliona Bonde la Kilombero kuwa ghala la chakula la kesho, sifa za mpunga wa Malinyi zimepewa mto. Masika maji hutandaa mbugani yakiwa na tope la milima ya Udzungwa na Mahenge, mpunga hubeba mimba na kutoa masuke, na watu wakahitimisha kwamba mafuriko ndiyo yanayouchanua. Tope hulisha mmea kweli, na maji huukinga na ukame. Hata hivyo, mbegu nyingi za jadi za mpunga huchanua kwa kufuata urefu wa usiku. Mwaka 1920 Garner na Allard walionyesha nchini Marekani, kwa kutumia tumbaku na soya, kwamba urefu wa mchana unaweza kuamua wakati wa mmea kuchanua. Malinyi siku huanza kufupika baada ya Desemba, hivyo usiku hurefuka katika miezi ileile mto unapojaa. Mambo hayo mawili huenda pamoja, ndiyo maana moja likapewa kazi ya jingine.

Yupo atakayesema kwamba hapa, takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, siku ndefu na siku fupi hazipitani sana. Ni kweli, tofauti ni kama saa moja tu. Lakini huko Melaka, Malaysia, ambako tofauti ni dakika 14 hivi, mpunga wa Siam 29 uliopandwa Januari ulichukua siku 329 kuchanua, na uliopandwa Septemba ukachukua siku 161. Mwingine atauliza: mbona mwaka wa ukame masuke hujaa mapepe? Ni kwa sababu kiu wakati wa kuchanua huharibu uchavushaji. Maji huokoa punje, lakini tarehe ya kuchanua haiamuliwi nayo.

Kwa hiyo hazina kubwa ya wakulima wa zamani ilikuwa kalenda yao. Aliyechelewa kupanda mbegu ya jadi alikuta mpunga wake unachanua ungali mdogo, kwa kuwa usiku haukumsubiri. Mbegu fupi kama SARO 5, inayoiva kwa takriban miezi minne, huhesabu zaidi umri wake, hivyo haifai kupangiwa kwa kanuni ileile. Anayetaka masuke mazito aijue kwanza mbegu yake, kisha apange siku ya kupanda ili mpunga uchanue maji yakiwa bado shambani.