Kutoka Insha hadi Tasnifu: Malezi ya Uandishi wa Kitaaluma wa Kiswahili Magharibi mwa Kenya

Utangulizi

Lwakhakha ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Bungoma, mahali ambapo mto wa jina hilohilo unaitenga Kenya na Uganda. Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye huko huingia chuo kikuu akiwa na Kibukusu cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na shuleni, na Kiingereza cha vitabu. Afikapo kwenye shahada ya uzamili, hudaiwa tasnifu ya Kiswahili. Ikiwa na kasoro, kasoro hiyo huhesabiwa kuwa yake peke yake. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya kasoro hiyo ni ya kurithi, na kwamba vyuo vichanga vimeipokea kutoka kwa vile vilivyovitangulia.

Njia Mbili za Mwaka 1970

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoundwa mwaka 1963 kilivunjika mwaka 1970, na Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zikawa vyuo vikuu kamili. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilianzisha Idara ya Kiswahili iliyofundisha kwa Kiswahili chenyewe. Mhadhiri alilazimika kutafuta istilahi, na mwanafunzi alilazimika kuzitumia katika hoja. Hivyo uandishi wa kitaaluma ulikua pamoja na somo lenyewe.

Nairobi ilipita njia nyingine. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati ya masomo. Pendekezo hilo lilibadilisha yaliyosomwa. Halikubadilisha lugha ya kuyahakiki. Fasihi iliendelea kufundishwa kwa Kiingereza, na hata tasnifu nyingi zilizochunguza Kiswahili ziliandikwa kwa lugha hiyo.

Upanuzi na Urithi Wake

Kufuatia ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka 1981, Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa Eldoret mwaka 1984. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima lenye kutahiniwa, na wanafunzi wake wa kwanza wakaingia vyuo vikuu mwaka 1990. Baadaye Chuo cha WECO cha Kakamega kiliwekwa chini ya Moi mwaka 2002, kikapata hadhi kamili mwaka 2007 kwa jina la Masinde Muliro. Nacho kikakilea Kibabii, kilichoanza kama chuo kishiriki mwaka 2011 na kupewa hati yake mwaka 2015.

Kila mlezi alimrithisha mlelewa mitaala yake. Katika mitaala hiyo, maarifa ya kunukuu, kupanga hoja na kuandaa marejeleo yamewekwa katika kozi ya Stadi za Mawasiliano, ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza. Idara ya Kiswahili huchukulia kwamba kazi hiyo imekwisha kufanywa kwingine. Ilhali mwanafunzi hajawahi kuonyeshwa jinsi aya ya uhakiki inavyojengwa kwa Kiswahili.

Insha, Kumuse na Hoja

Kilichobaki mkononi mwake ni insha ya shule ya upili. Insha hiyo ina thamani yake, lakini aghalabu husifiwa kwa wingi wa methali na tamathali. Tasnifu hudai dai, ithibati na mjadala na wahakiki waliotangulia. Ndiyo sababu rasimu nyingi hufungua kwa methali, zikasimulia muhtasari wa riwaya, kisha zikafunga bila ya kuthibitisha jambo. Mwandishi wa rasimu ya namna hiyo si mvivu. Ametii sheria za utanzu aliofunzwa.

Aidha, si kweli kwamba jamii yake haijui hoja iliyopangwa. Miongoni mwa Wabukusu, baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima, msemaji aliyebobea huswala kumuse: hutaja nasaba na historia ya koo, huipima hali ya sasa kwa kipimo cha yaliyopita, kisha huonya, huku hadhira ikitulia. Huo ni utaratibu wa madai na ushahidi, hata kama ushahidi wenyewe ni nasaba na kumbukumbu, wala si kitabu na ukurasa. Mhadhiri anayeuchambua utaratibu huo darasani atakuwa na daraja la kumvushia mwanafunzi kutoka anachokijua hadi anachodaiwa. Pasipo daraja hilo, maarifa ya fasihi simulizi ya eneo hili yataendelea kuandikwa na wageni au kutoandikwa kabisa.

Hitimisho

Chuo kidogo hakina budi kukiri kwamba hakiwezi kuajiri kituo kizima cha uandishi. Hata hivyo, uchache wa wanafunzi ni nafasi: mhadhiri anaweza kusoma rasimu mbili za kazi moja badala ya kutoza alama rasimu ya mwisho, na semina ya idara inaweza kumpa kila mtahiniwa siku ya kusomewa na wenzake. Muhimu zaidi, kozi ya uandishi wa kitaaluma irejeshwe ndani ya Idara ya Kiswahili, ifundishwe kwa Kiswahili, tangu mwaka wa kwanza. Dar es Salaam ilidhihirisha tangu mwaka 1970 kwamba lugha hujifunza kuhakiki kwa kuhakikia. Magharibi mwa Kenya somo hilo limechelewa, na gharama ya kuchelewa huko imelipwa na wanafunzi.